Simu Inayoishia na Arobaini na Saba

Pesa nilikuwa nazo. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mahalapye wakisikia mjane amekwama kulipa, wanaamua hapohapo kwamba kafilisika, na wapo wanaofurahi. Pesa zilikuwa zangu, nimezishona gauni kwa gauni, zimetulia benki zinaningoja. Nilichokosa ni tarakimu sita tu.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya reli alikuwa ameniambia waziwazi: sare mia moja na arobaini, ziwe tayari shule zikifunguliwa Januari. Alitaka kunipa mimi kazi hiyo, ila aliiona cherehani yangu. Ni ya kukanyaga, ya marehemu mama, na siku goti likinikubalia natoa sare nne. Akasema Jumatatu mchana atapita tena. Akikuta nina cherehani ya umeme, kazi ni yangu. Asipoikuta, anawapa mafundi wa mji wa jirani, Palapye. Hakunionea. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Cherehani nilishaiona. Duka moja la Gaborone lilikuwa linauza za kiwandani kwa bei ya kufunga mwaka, kwa mtandao tu, mwisho Jumamosi saa sita mchana, na ilikuwa imebaki moja. Nikiikosa hiyo, bei inarudi juu na mimi nabaki na goti langu. Binti yangu Wame anamaliza shule mwakani. Sikutaka ajifunze kukanyaga cherehani ya bibi yake kwa sababu mama yake alishindwa kununua nyingine.

Zamani tulikuwa wawili kwenye kazi hii. Boikhutso anakata, mimi nashona. Mkono wa Boikhutso ukishika mkasi, kitambaa kinatii, na kola zake zilikuwa zinalala shingoni zenyewe bila kubembelezwa. Hayo nitayafikia. Sitaki kuyafikia, lakini nitayafikia.

Kwanza kadi. Nina kadi ya benki mwaka wa kumi na moja huu. Buchani naichomeka kwenye mashine, nabonyeza namba yangu ya siri, nachukua nyama yangu naondoka. Vitambaa vya leteisi, ile pamba ngumu ya maua madogo ya kushonea gauni za sherehe, nilikuwa naviagiza kwa simu: nampigia Mhindi wa duka la jumla Gaborone, namsomea namba zilizoandikwa kwenye uso wa kadi, kesho yake jora linateremshwa na basi pale stendi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Kisha benki wakabandika tangazo mlangoni: kuanzia tarehe mosi Novemba, malipo yoyote ambayo kadi haikuchomekwa mahali lazima yathibitishwe kwa namba itakayotumwa kwenye simu ya mwenye kadi. Eti ni kwa usalama wetu. Nililisoma lote, nikaenda zangu kununua vitunguu.

Alhamisi baada ya chai Wame akanisaidia kulipia. Yeye vidole vyake ni vyepesi kwenye mambo haya. Tukajaza jina, tukajaza namba za kadi, tukabonyeza, na ukurasa ukaandika: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako inayoishia na 47.

Simu yangu inaishia na 12. Nilimtazama Wame, naye akanitazama, kisha akasema taratibu, "Mama, hiyo ni ya Baba."

Baba yake, Othusitse, nilimzika Septemba ya mwaka jana. Alikuwa karani wa stoo ya reli, mtu wa kuhesabu nati na bolti na kukuambia imepungua moja. Simu yake aliivalisha mfuko wa ngozi na kuitunza miaka saba bila mkwaruzo. Mwezi mmoja baada ya mazishi ukoo wake ulikaa kugawana nguo zake, kama inavyotakiwa, na koti lake na kofia vikaenda kwa mjomba wake, mzee Ntshabele wa Shoshong, kama inavyotakiwa pia. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Mzee aliitoa akataka kunirudishia. Wifi yangu akasema kilichomo kwenye koti kinaenda na koti. Mimi mwenyewe nikasema sawa, Mjomba aichukue, maana ya kwake ilishakufa, na watu wa mbali ambao hawakusikia msiba wakipiga watapokewa na mtu mzima wa kuwaeleza. Nilimpa kwa mikono miwili, na laini ikiwa humo humo.

Kitu kilichogawiwa hakidaiwi. Mwanamke akianza kuzunguka kwa wakwe kuomba vitu vya marehemu virudi, atasemwa mpaka wajukuu zake waolewe. Kwa hiyo wazo la kuitaka ile simu halikunijia hata kidogo. Nilichofanya ni kumpigia.

Kwenye simu yangu namba ile bado imeandikwa "Baba Wame". Sijawahi kupata moyo wa kuifuta. Nilibonyeza jina la mume wangu, likaita, na sauti ya mzee ikapokea kutoka Shoshong.

Namba za benki zinaishi dakika tano. Salamu za Shoshong zinachukua saba. Mjomba aliniuliza hali, akauliza ya Wame, akaniambia ng'ombe wamekonda, mvua imepita upande wa Kalamare ikawaruka, mkewe anasumbuliwa na mguu. Ungefanyaje? Humkatizi mjomba wa mumeo kwa sababu ya kompyuta ya Gaborone. Tulipomaliza kuulizana, namba ilishakufa.

Tukaomba ya pili. Hiyo ikabidi akate simu kwanza, maana hawezi kusoma ujumbe huku ameiweka sikioni, halafu atafute miwani, halafu anipigie. Akapiga. Akasoma kwa sauti ya kusomea Biblia, neno kwa neno: "Galaletsang, umelipa pula themanini na sita. Bucha. Jumanne."

Nikamwambia hapana Mjomba, hiyo ni nyama ya juzi, tafuta namba sita. Kisha maneno yangu mwenyewe yakanirudia masikioni. Nikamuuliza nyama yangu ya Jumanne imefikaje kwake.

"Zinakuja zote, mwanangu," akasema. "Kila ukinunua kitu inalia. Mimi nilidhani unajua."

Mara ya tatu alisoma namba yenyewe, mbili akazibadilisha nafasi, na kadi ikafungwa mpaka kesho yake kwa kukosea mara nyingi. Wame akasema tusubiri. Mimi nilikuwa nimekaa nikiiangalia simu yangu, ambayo kwa miaka kumi na moja haijawahi kulia nikinunua chochote.

Maana hizo simu zinazolia nilikuwa nazisikia. Uko kwenye foleni, mwalimu aliye mbele yako analipa, kabla hajarudisha kadi pochini kitu kinalia ndani ya mkoba wake. Niliwahi kumuuliza Othusitse mbona yangu hailii. Akacheka, akaniambia zile ni za watu wenye mshahara, za walimu na wauguzi, siyo za mafundi cherehani. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Alikuwa karani, ndiye aliyekuwa anajua mambo ya makaratasi nyumbani kwetu.

Ijumaa nilikuwa mlangoni pa benki kabla hawajafungua. Nilihudumiwa na binti mmoja mwenye adabu, kucha ndefu za rangi ya waridi, akanipa pole ya msiba kana kwamba ulitokea wiki iliyopita. Akasema kubadilisha namba ya simu inawezekana kabisa. Niende polisi nikaape hati ya kiapo, nilete cheti cha kifo, nilete kitambulisho, kisha namba mpya ikishaingizwa ikae siku tano za kazi kabla ya kuruhusiwa kuthibitisha malipo. Nikamwambia mwisho wangu ni kesho saa sita. Akasema anaelewa, lakini siku hizo tano zimewekwa ili mwizi asije akabadilisha namba na kuniibia siku hiyohiyo.

Nikamuuliza sasa huyu wa kwanza aliyebadilisha aliwekewa siku ngapi.

Hakunielewa, na mimi nusu sikujielewa. Akageuza kioo chake kidogo ili nione. Akaunti ilifunguliwa kwa namba yangu, inayoishia na 12, enzi ambazo benki ilikuwa haijaanza kutuma jumbe. Niliiona kwa macho yangu. Miaka sita iliyopita, mwezi wa tatu, ikaletwa fomu ya kubadilisha mawasiliano, ikawekwa ile ya 47. Chini ya fomu kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yangu, hata ile G ninayoikunja kama mkia wa mbuzi.

Nilikumbuka siku ile vizuri. Nilikuwa nakanda unga. Othusitse aliingia na karatasi, akasema benki wanatoa kadi mpya zenye chipu, nitie sahihi hapa na hapa, atanipelekea mwenyewe nisipoteze siku. Nilifuta vidole kwenye aproni nikatia sahihi. Nikamshukuru. Nadhani nilimkatia na mkate.

Yule binti aliona uso wangu akaniuliza kama nataka maji. Nikasema sitaki maji. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za benki, juani, na nikaanza kumtetea. Ndiyo, nilimtetea. Nilisema mwanamume anayehesabu bolti atataka kujua mkewe hajaibiwa. Nilisema alikuwa ananilinda. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akiingia jioni ananusa hewani na kusema, leo mke wangu kapita buchani, na mimi nacheka mpaka nashika mlango. Nilikuwa nawaambia wanawake wa kanisani kwamba mume wangu ana pua, anajua nilichokula kabla sijasema. Nilijisifia jambo hilo mbele za watu. Nilifikiri ndiyo mapenzi.

Halafu nikahesabu, na kuhesabu kukaniua. Fomu ni ya mwezi wa tatu, miaka sita iliyopita. Viatu vilikuwa mwezi wa saba, mwaka uliofuata.

Sasa nimefika nisipotaka kufika.

Mwezi ule wa saba tulikuwa tunaezeka nyumba. Othusitse alikuwa ametangaza kwamba hakuna kununua chochote hadi bati la mwisho ligongwe. Mimi nilikuwa sijanunua kitu cha mwili wangu mwaka mzima. Ijumaa moja nimepita na Boikhutso kwenye duka la viatu karibu na stesheni, nikaona viatu vyekundu vya kisigino kifupi, nikavijaribu, nikashindwa kuvivua. Nililipa kwa kadi yangu, kwa pesa ya gauni za harusi nilizoshona mimi. Boikhutso akacheka akasema atavificha kwake hadi paa liishe. Akatia boksi chini ya shali yake, tukaachana pale kwenye kivuko cha reli. Hakuna mwingine aliyejua.

Saa kumi na moja Othusitse akaingia. Hata kofia hajavua, akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye duka la viatu. Nikamuuliza nani kamwambia. Akavua kofia, akaitundika msumarini, akajibu kwa upole kabisa:

"Una rafiki mwenye mdomo, Gala. Jihadhari naye."

Basi. Hakuongeza neno, hakunifokea, hata siku paa lilipoisha hakuvitaja tena.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Boikhutso. Alikuwa na wateja watatu uani, wanapimwa. Nilimtolea uvivu mbele yao wote. Nilimwita mmbeya, nilimwita nyoka wa kufuga. Aliweka mkasi chini akaniapia kwa jina la mama yake kwamba hajafungua mdomo. Alirudia mara tatu. Nami nikamwambia, kwa sauti ambayo hata upande wa pili wa reli waliisikia, kwamba ndiyo maana hakuna mwanamume anayekaa kwake. Nilijua wapi pa kumchoma kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha, miaka ya nyuma, akilia mapajani mwangu.

Tulikuwa marafiki tangu darasa la pili. Kuanzia siku ile tukikutana njiani kila mtu anaangalia upande wake. Kwenye mazishi ya Othusitse alikuja, akakaa nyuma na wanawake wa jikoni, akamenya viazi siku mbili, akaondoka bila kuniaga. Nikasema moyoni, hata aibu hana.

Na Othusitse alikuwa ananiona. Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo. Miaka minne aliyobaki hai aliniona nakata vitambaa peke yangu, nakosea, nafumua, nalia kwa hasira. Alikuwa anajua kwa nini. Angeweza kusema siku yoyote, hata kitandani hospitali ambako tuliongea mengi. Alinichezea shere nyumbani mwangu, akanipa na ushauri.

Lakini siku ile ya Ijumaa, pale kwenye ngazi, bado nilijiambia sina uhakika. Pengine ujumbe ulianza kutumwa baadaye. Pengine kuna mtu mwingine alituona dukani. Nilikuwa naomba Mungu iwe hivyo, uongo uwe wangu au wa benki, usiwe wake.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza la Shoshong, na Wame na simu yake. Nilifika kwa Mjomba saa nne na ushei. Alikuwa amevaa koti la Othusitse, na joto lile lote la Novemba, kwa sababu aliambiwa nakuja na aliona ni heshima. Tukasalimiana salamu zote, nzima nzima, nikanywa na maziwa mgando ya mkewe, maana safari hii dakika zilikuwa bado hazijaanza kuhesabiwa. Kisha nikamweleza. Hakuniacha niombe. Alitoa simu mfukoni akanipa kwa mikono miwili.

Nilipoishika ilikuwa bado imo kwenye mfuko wake wa ngozi, na inanuka tumbaku ya mzee.

Mjomba akaniambia kitu. Alisema mwaka wote wa msiba, nikiwa nimevaa nguo nyeusi na hairuhusiwi nitembelee watu ovyo, alikuwa anasoma zile jumbe kila jioni. Ikilia bucha, anamwambia mkewe, leo watoto wamekula nyama. Ikipita wiki bila kulia anaanza kuhangaika. Alisema hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata wifi zangu, maana chakula cha mjane si cha kutangazwa. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Kitu kilekile mwenye simu alikitumia kunilinda kama mfungwa, mzee huyu alikitumia kujua kama nimelala njaa.

Wame alikuwa ameshajaza kila kitu kwenye simu yake. Saa sita kasoro dakika ishirini na tano, maana mtandao wa Shoshong unakuja na kuondoka upendavyo, akabonyeza. Simu ikalia mkononi mwangu. Namba sita zikaja, ziko juu kabisa, na chini yake zile nyingine zote zimepangwa mpaka zinapotea. Othusitse hakuwahi kufuta kitu maishani.

Nilipaswa kusoma namba. Nilianza kuteremka na kidole.

Wame aliniita mara ya kwanza. Nikaona maduka na bei, na kila kimoja nikakikumbuka: vitunguu, uzi, dawa ya kikohozi. Akaniita tena akasema dakika zinakwisha. Nikaona mwaka wa jana, nikaona mwaka wa juzi, sherehe ya shangazi, mafuta ya taa, sabuni. Nikafika kwenye Julai ile. Ijumaa, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Galaletsang, umelipa pula mia tatu na arobaini, na jina la duka la viatu.

Saa nane na dakika kumi na mbili. Boikhutso alikuwa bado hajafika kwake na lile boksi.

Wame akasema, "Mama, imekufa. Namba imekufa."

Kwa mara ya kwanza tangu nimzae nilisikia sauti ya binti yangu inanikaripia. Alikuwa na haki. Zilibaki dakika kumi na tisa. Akaomba namba nyingine, mtandao ukaondoka, Mjomba akatuonyesha kwa mkono twende kwenye zizi, pale huwa inashika. Tukakimbia, mimi na goti langu. Ya pili ikaja, nikaisoma tarakimu moja moja bila kuangalia chini yake, Wame akaandika, na ukurasa ukasema malipo yamekamilika, mzigo utapakiwa kwenye basi la Jumatatu alfajiri.

Mara ile ile simu ya mume wangu ikalia tena. Galaletsang, umelipa pula elfu saba na mia tisa. Nilimrudishia Mjomba simu yake, kwa mikono miwili. Sikufuta kitu. Alitaka nibaki nayo, nikakataa. Sikuitaka nyumbani kwangu.

Mahalapye tulishuka saa tisa. Nilimtanguliza Wame nyumbani, mimi nikashika njia ya stesheni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa na ushahidi: tarehe, saa, dakika. Unajua kwamba nilikuwa karibu kufurahi? Nilikuwa nimembebea rafiki yangu jina lake lililosafishwa.

Boikhutso alikuwa anaanua nguo. Amenenepa kidogo, na mvi zimemwingia pale mbele. Alikuja mpaka getini, hakulifungua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama nje, benki, fomu, simu, ile saa nane na dakika kumi na mbili. Nikamwambia Othusitse alinidanganya. Nikamwomba radhi kwa yale niliyosema mbele ya watu, na nililia nikiyasema, silifichi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kapu la nguo liko miguuni, bila kunikatiza hata mahali pamoja.

"Kwamba sikusema, Mma Wame, mimi nilikuwa najua," akajibu. "Hiyo si habari."

Zamani aliniita Gala. Mma Wame, yaani Mama Wame, ndivyo anavyoniita muuza mkaa.

"Mimi nilikuapia kwa mama yangu," akasema. "Tumekua pamoja, miaka thelathini na kitu, haikukutosha. Imebidi benki ikuthibitishie."

Yeye akaingia ndani, na mimi nikafikiri, Mungu anisamehe, nikafikiri anakwenda kuchukua ufunguo wa geti.

Alitoka na boksi. Lilikuwa lilelile, pembe moja imebonyea, amelifunga kwa utepe wa kupimia wa zamani uliofutika namba. Akalipitisha juu ya geti.

"Vimenikaa kabatini. Kila nikitoa shuka naviona," akasema. "Sikuvivaa."

Kisha akaokota kapu lake la nguo akarudi ndani, na mlango akaurudishia polepole, bila kuubamiza. Nilisimama pale hadi treni ya mizigo ikapita yote.

Cherehani ilifika Jumatatu. Mwalimu mkuu aliiona, akaizunguka, akanipa kazi. Ni nzuri, inakimbia bila kelele, na siku njema natoa sare ishirini. Benki nayo ilikubali namba yangu, kwa hiyo sasa nikinunua uzi simu inalia ndani ya mkoba wangu mwenyewe kama ya mwalimu. Kola nazikata peke yangu. Wame anasema hakuna atakayegundua kwamba zimepinda.